Salamu za Ngazini

Daktari kijana aliuliza swali la ngazi bila kuinua macho kwenye tableti yake.

"Mama, unapanda ngazi bila kupumzika njiani?"

Mke wa fundi viatu alimtazama mumewe kama mtu aliyeulizwa umri wake mbele za watu. Mbele ya wakubwa alikuwa akinywea, na mumewe ndiye aliyepata ulimi. Ndivyo walivyozoeana. Kabla hajafungua kinywa, fundi akamjibia.

"Huyu apumzike? Daktari, huyu hapandi ngazi, anatembeza salamu. Sisi tunakaa ghorofa ya nne. Mimi nafika, navua viatu, nakunywa maji, najinyoosha, yeye bado yuko ghorofa ya pili anauliza habari za goti la mtu. Jengo zima wanamwita Mama Salamu."

Daktari akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri cha kijana aliyeamka mapema na bado ana foleni mlangoni. Mke naye akacheka, mkono mdomoni. Hata nesi aliyekuwa akibandika karatasi kwenye vichupa vya damu alicheka. Kisha daktari akagusa kioo, pale palipomaanisha kwamba mgonjwa hapumziki, akaendelea.

"Sigara?"

"Sigara nitaijulia wapi, mwanangu," mke akajibu mwenyewe.

"Pumu? Kifua kikuu?"

"Mungu apishe mbali."

"Kazi?"

"Sasa nipo tu nyumbani."

Hilo neno "sasa" lilipita chumbani kama inzi, na hakuna aliyelikamata. Hakuna aliyeuliza kabla ya sasa alikuwa wapi. Alikuwa akijaza magodoro ya sufi katika chumba kisicho na dirisha, tangu usichana wake mpaka mwenye kiwanda alipofunga milango, na jioni alikuwa akirudi na nyusi nyeupe kwa vumbi la sufi, kama bibi kizee. Lakini tableti haikuwa na swali la magodoro.

Ilifikiri kidogo, ikatoa kijani.

"Safi kabisa," daktari akasema. "Huu ni mfumo mpya. Unakadiria nani atahitaji oksijeni baada ya upasuaji na nani hataihitaji. Akitoka nyekundu tunamlaza kitanda cha ukutani, chenye bomba la hewa. Akitoka kijani analala kitanda cha kawaida. Zamani tuligombania mitungi kama watu wa sokoni. Siku hizi tunajua mapema."

"Kwa hiyo mashine inaijua kesho?" fundi akauliza.

"Inakadiria, mzee."

"Basi uiulize na mvua, maana kibanda changu kinavuja."

Wakacheka tena. Siku ile watu walicheka sana.

Mawe ya nyongo yalitolewa salama. Walimpasua chini ya mbavu, upande wa kulia, wakamshona, wakamrudisha wodini akiwa amelala mdomo wazi. Fundi alipewa mawe yenyewe kwenye kichupa, kama zawadi. Akayatikisa, akayatia mfukoni, akashukuru. Maskini hushukuru kila kitu hospitalini, hata mawe.

Wodi ilikuwa ndefu kama behewa. Upande wa mbele, karibu na meza ya manesi, kulikuwa na vitanda vya ukutani: kila kimoja na bomba lake, na barakoa ya plastiki ikining'inia kwenye ndoano. Wenyewe waliviita vitanda vya hewa. Vilivyobaki havikuwa na kitu ukutani isipokuwa msumari. Mke wa fundi alilazwa upande wa misumari, mwisho kabisa. Choo nacho kilikuwa mbele, ng'ambo ya meza ya manesi.

Kesho yake sista wa wodi, mwanamke mpana mwenye saa iliyobanwa kifuani, alikuja akamvuta shuka.

"Amka utembee, mama. Ukilala tu, mapafu nayo yanalala."

Akaamka. Akashika kidonda kwa mkono mmoja na kuanza safari ya chooni. Fundi alimfuata nyuma amembebea kanga. Kitanda cha kwanza, mke akasimama.

"Hujambo, dada. Umeamkaje?"

"Nimeamka, mama."

"Na watoto umewaacha na nani?"

Mwenye kitanda akaanza kueleza ameacha watoto na nani. Kitanda cha pili, vilevile: wewe ni mwenyeji wa wapi, ulianzaje kuumwa. Manesi walitazamana wakatabasamu. "Huyu mama ana moyo," mmoja akasema. Fundi akaona aibu, ile aibu ya zamani ya ngazini.

"Hata hapa?" akamnong'oneza. "Watu wamekatwa matumbo, unawahoji?"

Mke alikuwa ameshika chuma cha kitanda cha tatu, na swali alikuwa ameshauliza. Mgonjwa alikuwa akisimulia, yeye akitikisa kichwa. Fundi akamtazama, si kwa sababu alitaka bali kwa sababu hakuwa na pengine pa kutazama, na akaona matundu ya pua ya mkewe yakifunguka na kufungika. Akaona shingo yake, ile mishipa miwili iliyosimama kama kamba za ndoo. Macho yalikuwa kwa msimuliaji lakini hayakumwona. Alikuwa akingoja. Msimuliaji alipomaliza, yeye akavuta pumzi, akasema, "Pole, mwanangu, Mungu yupo," na akasogea kitanda kinachofuata.

Maswali yake yote yalikuwa ya majibu marefu. Fundi alikuwa ameishi naye miaka chungu nzima, na leo ndiyo mara ya kwanza kuliona jambo hilo. Yeye huuliza ili mwingine aseme, na mwingine akisema, yeye hunyamaza, na akinyamaza, anapumua.

Akamwacha pale, akaenda mezani kwa sista.

"Sista, mke wangu anatafuta pumzi."

"Nani, Mama Salamu?" Jina lilikuwa limeshafika hospitalini. "Mbona anaongea na wodi nzima?"

"Ndiyo ninachosema. Haongei. Anapumzika."

Sista akamtazama kwa huruma ile ya kuwapa wazee. Mgonjwa aliporudi kitandani na kulala kwa muda, sista akaja na kipimo, kile cha kubana kidole, akasubiri, akamwonyesha fundi namba.

"Unaona? Iko sawa."

"Umempima amelala. Mpime anatembea."

"Mzee, kwani viatu unavipima vikitembea?"

Manesi wakacheka kule mezani.

"Ndiyo," fundi akasema. "Kiatu hakipimwi kikiwa kimekaa. Kikikaa, kila kiatu ni kizima."

"Basi kazi ya viatu tuachie wewe, na hii utuachie sisi. Huyu ni kijani. Angekuwa na tatizo la hewa, mfumo ungesema."

Siku iliyofuata binti yao alipitia wodini na chupa ya chai kabla ya kwenda kazini. Alikuwa mwuzaji katika duka la vipodozi, mwenye haraka kila siku na aliyenukia vizuri kila siku. Alimkuta baba yake amesimama kando ya kitanda, mikono nyuma, kama mtu anayelinda benki.

"Baba, hujalala?"

"Ngoja. Mtazame mama yako."

Mfagiaji wa wodi alikuwa akija na ufagio wake, mzee mmoja asiye na meno ya mbele. Alipofika kitandani alisimama.

"Mama Salamu, leo vipi? Jana uliniuliza habari za mke wangu, nimemwambia, amekuletea salamu."

Mke wa fundi akainua kidole kimoja kutoka kwenye shuka. Akakishusha. Basi.

Mfagiaji akangoja kidogo, akaona hakuna zaidi, akafagia akapita.

"Umeona?" fundi akasema.

"Nimeona." Binti alikuwa ameacha kumimina chai. "Baba, mama hata akiwa na homa husalimia. Akiwa na uchungu wa kunizaa mimi, bibi alisema, alimsalimia mkunga na kumuuliza habari za shamba."

Fundi akaenda mezani. Sista alikuwa akiandika.

"Sista, mke wangu hasalimii."

Mwanamke yule akaweka kalamu chini polepole. "Mzee wangu. Jana anasalimia, una shida. Leo hasalimii, una shida. Tukufanyie nini?"

"Njoo umwone."

"Amechoka. Kidonda kinauma."

"Njoo umwone tu, mwanangu. Nakuomba."

Ni lile neno mwanangu lililomwinua, kwa sababu fundi hakuwa mtu wa kuomba, na sauti ilimtoka vibaya. Sista akaja. Safari hii alipobana kidole hakumwonyesha mtu namba. Akakihamishia kidole kingine. Akamwita nesi, wakamwinua mgonjwa akae, wakamwekea mito mgongoni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Mtungi wa wodi uko wapi?" sista akauliza.

"Umepelekwa chumba cha upasuaji," nesi akasema. "Hawajaurudisha."

Fundi akanyoosha mkono. Kule ukutani, kitanda cha pili kutoka mezani, kulikuwa na shuka jipya lililokunjwa kama bahasha, barakoa ikining'inia, na kikaratasi chekundu kimebandikwa kichwani.

"Kile pale ni kitupu."

"Kimepangwa."

"Cha nani?"

"Cha mgonjwa wa kesho. Ni nyekundu."

"Anaumwa?"

Sista akasita. "Bado hajapasuliwa."

"Kwa hiyo yeye hewa ataikosa kesho, huyu wangu anaikosa leo, na kitanda ni chake yeye?"

"Mzee, utaratibu huu mimi sikuutunga. Wiki iliyopita nesi alihamisha mgonjwa bila idhini, ameandikiwa barua. Kitanda chenye karatasi nyekundu anakifungua mganga mkuu peke yake. Nampigia, simu yake imezimwa. Yuko ukumbini na wageni."

"Wageni gani?"

Akatazama pembeni. "Wamekuja kuonyeshwa mfumo."

Viatu vyake fundi alikuwa amevivua mlangoni mwa wodi, maana ndiyo sheria, na akapewa kandambili za hospitali, moja ya bluu na moja ya manjano. Hakukumbuka kubadili. Alivuka uwanja kwa kandambili hizo, yeye aliyekuwa akimcheka mtu mwenye kisigino kilichoinama, akafika ukumbini akiburura.

Mlinzi akamtazama kuanzia chini.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Kwa mganga mkuu. Mke wangu anakata roho."

"Pole. Lakini humu kuna wageni rasmi. Na hivyo ulivyovaa..."

"Nivue basi niingie peku?"

"Usinitafutie maneno, mzee. Nami nina watoto. Ngoja watatoka kunywa chai."

Akangoja. Ndani makofi yalipigwa. Sauti ilikuwa ikieleza kwa kipaza sauti jinsi hewa inavyookolewa, jinsi zamani ilivyopotea bure kwa watu wasioihitaji. Makofi tena. Nani aliyewahi kuona watu wakipigia makofi hewa? Mtu wa kawaida huipumua akanyamaza.

Milango ikafunguka. Mganga mkuu alitoka mbele, mrefu, suti ya kijivu, mkono begani mwa mgeni. Fundi akapenya chini ya mkono wa mlinzi.

"Bwana mkubwa, mke wangu yuko wodini amekosa pumzi, na kitanda cha hewa kipo kitupu. Sema neno moja tu."

Mganga mkuu hakukasirika, na hilo ndilo fundi aliloshindwa kumsamehe baadaye. Aliinamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mtoto.

"Mgonjwa wako ni rangi gani?"

"Ni mke wangu."

"Naelewa. Kwenye mfumo. Alitoka rangi gani?"

"Kijani."

"Basi usiwe na hofu sana, mzee. Wengi ni maumivu tu ya kidonda, huwafanya wapumue kwa juujuu. Nikimaliza hapa nitapita." Kisha akamgeukia mgeni wake. "Unaona, changamoto yetu kubwa ni kuelimisha familia."

Fundi aliporudi alimkuta mgonjwa wa kesho amefika. Alikuwa dereva wa lori, pande la mtu, amekaa kwenye kitanda chenye karatasi nyekundu akimenya chungwa. Kando ya kichwa chake barakoa ilining'inia bila kazi. Kule mwisho, binti wa fundi alikuwa akimpepea mama yake kwa kifuniko cha boksi la vipodozi.

Fundi alisimama tu mbele ya dereva, akalitazama bomba.

"Vipi, mzee?" dereva akauliza. "Mbona unautazama ukuta kama unadaiwa nao?"

"Hicho ulichokalia ni kitanda cha hewa."

"Ndivyo walivyoniambia. Eti mimi mnene na navuta sigara, kwa hiyo kesho nitaikosa."

"Mke wangu anaikosa sasa hivi. Yule pale."

Dereva akageuka, akatazama. Chungwa likabaki mkononi. Halafu akasimama, na kitanda kikalia kwa furaha.

"Mlete."

"Haturuhusiwi, tutaandikiwa barua," nesi akasema.

"Mimi nimetabiriwa tu, dada. Yule mama ndiye mwenye shida yenyewe. Kama kuna barua, iandikwe kwa jina langu, nimezoea barua za trafiki."

Akaenda mwenyewe hadi mwisho wa wodi, akamnyanyua mke wa fundi pamoja na mito yake kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Sista alikuwa amesimama katikati ya njia. Alimtazama dereva, akamtazama mgonjwa, akaitazama saa yake ya kifuani. Akapisha. Walipomlaza, mikono ya sista ndiyo iliyofungua koki.

Hewa ikavuma kwenye barakoa. Ilichukua muda. Kisha majivu yakaanza kuondoka midomoni, na mke wa fundi akafungua macho, akamwona mtu mkubwa asiyemjua amesimama miguuni pake. Akasogeza barakoa.

"Hujambo, baba," akasema. "Watoto... hawajambo?"

Sista akataka kuirudisha barakoa. Dereva akawahi, akairudisha yeye. Akaketi ukingoni, akajibu. Hakujibu kwa kifupi. Alianza na mtoto wa kwanza, kazi yake, ugomvi wake na mkwewe. Akaja kwa wa pili aliyekataa shule. Akaeleza mapacha, nani ni nani na wanavyotofautiana kwa kovu. Alisimulia kama mtu aliyelipwa kusimulia. Mke wa fundi akasikiliza, amefumba macho, kifua kikipanda na kushuka.

Mganga mkuu hakupita.

Mke wa fundi alifariki asubuhi, kabla ya saa ya wageni. Walisema mapafu yalikuwa yamechoka mno kabla ya kusaidiwa. Dereva naye alipasuliwa kama ilivyopangwa, akalazwa kitanda cha msumari kwa kuwa kingine hakikuwapo, na hakuhitaji hewa hata ya kupulizia chai.

Baada ya mazishi fundi aliitwa ofisini. Kulikuwa na zulia. Mganga mkuu alimpa kiti, akampa pole, akampa maji. Daktari kijana alikuwa amekaa kwenye kona, tableti magotini, imezimwa.

"Tumepitia kila kitu," mganga mkuu akasema. "Napenda ulisikie hili kwangu mwenyewe. Mfumo haukukosea. Ulipewa jibu lisilo sahihi. Mliulizwa kama mgonjwa hupumzika ngazini, mkasema hapana."

"Hatukusema hapana."

"Imeandikwa hivyo."

"Nani aliandika? Mimi nilisema anasimama kila mlango, anasalimia, mimi nafika juu nalala yeye bado hajafika. Nilisema yote. Muulize huyo. Alicheka."

Daktari kijana alitazama zulia.

"Mzee, ulilisema kama utani."

"Ndiyo. Mimi nimesomea viatu. Mtu akija kibandani akaniambia kwa utani, fundi, kiatu changu kinacheka upande mmoja, sicheki naye. Nakigeuza, natazama soli. Kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi pumzi sikuzisomea, bwana mkubwa. Nyinyi mlizisomea."

Mganga mkuu akavuta mkono wa suti, akaitazama saa.

"Tutaboresha maswali," akasema.

Fundi akatoa mfukoni kile kichupa cha mawe, akakiweka juu ya meza, akaondoka bila kuaga. Maji hakuyanywa.

Nyumbani alipanda ngazi kwa hasira, kama alivyopanda siku zote. Lakini alipofika ghorofa ya pili miguu ilikataa. Akaweka mkono ukutani, na kiganja kikaingia mahali laini. Akatazama. Kwenye rangi ile ya kijani iliyokolea palikuwa na duara lililochakaa, limeng'aa kwa mafuta ya mkono, kimo cha bega la mwanamke mfupi. Alikuwa amelipita kila siku.

Mlango ukafunguka. Mshona nguo, mwenye lile goti, alichungulia na futi yake shingoni, na mkono mmoja ulikuwa umeshika kigoda.

"Nimesikia hatua zimesimama," akasema, "nikasahau." Akakirudisha kigoda nyuma ya mlango. Halafu akakitoa tena, kwa kuwa kilikuwa kimeshaonekana. "Alikuwa akikalia hiki. Aliniapisha nisikwambie, shemeji. Alisema ukijua utamfungia ndani, asitoke tena."

"Mlijua."

"Tulijua anachoka. Nani humu hachoki?"

Alitaka kumfokea. Alitaka kumfokea mtu yeyote, na maneno alikuwa nayo, tangu ofisini. Aliyatafuta, lakini pumzi ya kuyasemea haikutosha. Akabaki na mkono wake kwenye lile duara la ukutani.

"Goti linaendeleaje?" akauliza.

Mshona nguo akamtazama, kuona kama anataka jibu kweli. Kisha akaegemea mlango, akaanza: lilivyoamka, upande gani unauma, baridi ikija, ngazi zikizidi, dawa aliyoambiwa na dawa aliyoshindwa kununua. Lilikuwa jibu refu. Fundi akalisikiliza lote, akivuta pumzi.